Ngazi au jukwaa la ujenzi?

Ngazi ni nyepesi: unaibeba begani, unaiegemeza, unapanda. Kwa kukagua paa dakika chache inatosha, mradi mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kimo. Shida ni mikono. Anayepiga plasta anahitaji yote miwili, ilhali ngazini mmoja unapaswa kushikilia. Ndipo fundi anajinyoosha pembeni, badala ya kushuka aihamishe, na ngazi inateleza. Si lazima iwe ghorofa ya tano. Hata mita 2 zimeua watu.

Jukwaa lina sakafu na reli za kuzuia kuanguka. Ni ghali, na kulifunga kuna hatari zake. Ila kazi ikizidi nusu saa, mimi nachagua jukwaa.