Tsavo West siku moja: Shetani nyota tano, kampuni ya tua nyota mbili na nusu

Nimerudi Nairobi juzi usiku na vumbi jekundu bado liko kwa masikio, wacha niandike hii kabla hasira zipoe na pia kabla nisahau mazuri, maana yalikuwa mengi. Ni tua, yaani safari ya kutembezwa, ya siku moja kwa mbuga ya Tsavo West, nililipa 8,500 kwa kichwa, usafiri na lanchi ndani, kiingilio cha KWS (shirika la wanyamapori) kila mtu anajilipia mwenyewe kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali (lipeni mkiwa bado nyumbani jamani, msingoje mpaka mfike geti ndio muanze kutafuta netiweki na pasiwadi mliyosahau). Kampuni sitaitaja, dereva alikuwa mtu poa sana na sitaki aitwe ofisini kwa sababu yangu.

Mimi sikuenda kuona simba. Simba nimeona Nairobi Park, na wale ndovu wa Tsavo wenye rangi ya matofali ukiwa na bahati unawaona ukiwa kwa basi ya Mombasa bila kulipa hata shilingi. Nilienda kuona mawe. Binamu yangu alipita huko akielekea Amboseli akanitumia picha moja, nikadhani ni mahali mkandarasi amemwaga lami ikamshinda kusambaza, nikamuuliza hiyo barabara inajengwa wapi, akacheka sana, akaniambia hiyo si lami, hiyo ni lava ya volkano iliyoganda, inaitwa Shetani. Tangu siku hiyo ikanikaa kichwani.

Kwa karatasi ya programu kila kitu kilikuwa: Shetani, mapango yake, chemchemi za Mzima Springs, kupanda kilima cha Chaimu, kuzunguka kuona wanyama, kurudi. Tuliambiwa tukutane saa kumi na nusu alfajiri, sisi tukafika, tukangoja watu wawili ambao walikuwa "wako hapo tu karibu" kwa dakika 45 nzima. Mtito Andei ni kama kilomita 240 kutoka Nairobi na malori ya Mombasa Road mnayajua, kwa hivyo kuingia getini ilikuwa saa tatu na zaidi. Hapo bado sikuwa na shida. Shida ilianza tukiwa ndani, dere akaanza kufukuza simba. Redio inalia, anageuza, tunaenda, hakuna simba, redio inalia tena, anageuza. Saa sita inafika hatujaona hata jiwe moja jeusi, tumeona pundamilia wengi sana na mgongo wa kitu fulani kwa nyasi ambacho nusu ya gari ilisema ni chui na nusu ikasema ni kichaka. Mimi niliona kichaka.

Alafu ghafla nyasi zikaisha.

Sijui niieleze vipi. Uko kwa barabara ya vumbi, kushoto vichaka, mbele vilima vya Chyulu vimekaa kijani kibichi kabisa kama vimepakwa rangi asubuhi hiyo, alafu katikati kuna kitu cheusi tii kimelala kimetandaza miguu, kirefu mpaka jicho linachoka. Urefu wake ni kama kilomita 8, upana kilomita moja na nusu hivi, na unene kama mita 5, yaani nyumba ya chini na paa lake. Haing'ai. Nilikuwa nadhani itang'aa kama lami ya picha lakini ukikaribia ni nyeusi ya kufifia, kama masufuria yaliyokaa juu ya kuni miaka mingi, na sehemu zingine ni wekundu wa kutu, na kwa kweli ni kutu, chuma kilicho ndani ya hiyo miamba kimeshikana na hewa.

Sasa ukipanda juu ndio utajua hujui. Hakuna mahali pa kuweka mguu pamekaa sawa. Ni mabonge, mengine ya ukubwa wa ngumi mengine ya ukubwa wa friji, yote yana meno, na ukitembea yanalia kama unakanyaga vigae vya chungu kilichovunjika, krang krang. Dada mmoja alikuja na sandali za kamba, maskini, alisimama mita tatu kutoka kwa gari akaishia hapo. Mimi nilikuwa na raba zangu nzuri nilizonunua Krismasi, nikajiambia raba ni raba.

Afande aliyetupeleka, ranja wa hapo, ndiye aliyefanya siku iwe siku. Mtu wa maneno machache lakini kila akisema unataka kuandika. Akachukua bonge moja akanipa nikashika kwa mikono miwili kwa vile nilikuwa najiandaa na uzito, kumbe jepesi, limejaa vitundu vitundu kama andazi lililoumuka vizuri. Akasema kila kitundu hapo ni gesi ilikuwa inatafuta njia ya kutoka wakati jiwe bado ni uji, na huo uji ulikuwa na joto la zaidi ya digrii 1,000. Juu ukapoa ukakauka ganda, chini bado unatembea, kwa hivyo ganda likawa linavunjwavunjwa na kubebwa kama ukoko, ndio maana hakuna pahali laini. Kuna lava zingine zinapoa zikiwa laini zimekunjana kama kamba, hii haikuwa na huo ustaarabu.

Nikamuuliza, afande, hii ni ya kitambo kiasi gani, nikitegemea ataniambia mamilioni. Akasema, "Hii ni ya juzi." Kumbe vilima vya Chyulu ni volkano changa kweli kweli, wanajiolojia wanaweka milipuko yake ya mwisho katikati ya miaka ya 1850. Fikiria hapo. Kuna watu walikuwa wanachunga mbuzi wao wakaona ardhi inapasuka moto unatoka unatembea usiku unakuja, wakasema huyu ni Shetani mwenyewe ametoka chini, na jina likabaki. Mimi kusema ukweli ningekuwepo ningesema hivyo hivyo, na ningesema nikiwa mbio.

Hapo nikaanza kuangalia vitu vidogo. Kwa mbali inaonekana hakuna kitu kinaishi hapo lakini ukiinama kuna madoa ya kijivu na ya manjano kwa mawe, ni kuvu ya mawe, ndiyo ya kwanza kufika. Alafu kwa ufa mmoja, mahali kivuli kinakaa, nikapata kijimmea cha kangaga cha urefu wa kidole, kibichi kabisa, kimekaa kwa udongo ambao hauwezi kujaza kijiko. Nimekipiga picha kama ishirini. Mama mmoja wa kikundi chetu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Huyo huyo mama ndiye alijaribu kuweka kipande cha lava kwa mkoba. Afande bila hata kugeuka: "Mama, hiyo rudisha." "Ni kadogo tu afande, ya kuonyesha wajukuu." "Najua mama. Wacha Shetani akae na mali yake." Tulicheka lakini alirudisha, na kwa taarifa yenu sheria ni hiyo, hakuna kubeba kitu kutoka kwa mbuga, iwe jiwe, manyoya, au mfupa.

Sasa dakika ya ishirini dere anapiga honi. Dakika ishirini! Masaa matatu ya kufukuza simba asiyekuwepo, mahali penye tulilipia dakika ishirini. Hapa ndio kikundi kiligoma. Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu Nairobi ndiye alienda akaongea na dere kwa heshima, akamwambia kijana, hawa watu wamekuja kuona haya mawe, wacha waone. Dere akapiga simu ofisini, ofisini wakasema ratiba, mzee akaomba simu aongee na ofisi mwenyewe, sijui alisema nini lakini tukapewa pango.

Kuhusu pango. Beba tochi ya maana, hii ya simu haifiki. Hayo mapango ya hapo yametokea vile vile: mto wa lava unaganda juu, ndani bado unakimbia, moto ukiisha kule juu ule wa ndani unamalizika kutoka na kuacha bomba tupu. Unaingia unainama, kuna baridi ghafla hadi jasho la mgongoni linakuwa barafu, na ukimulika juu unaona dari limetengeneza matone yaliyoganda kabla hayajadondoka. Nilishika moja. Laini kama nta ya mshumaa. Nje huko kila kitu kina meno, huku ndani jiwe lile lile ni laini, hapo nilikaa kidogo nikanyamaza. Kwa wale wa kupenda mapango, huko juu Chyulu kwenyewe kuna moja linaitwa Leviathan, zaidi ya kilomita 11, ni kati ya mapango marefu ya lava duniani, lakini hilo si la kwenda na raba na maji nusu lita, ni safari nyingine.

Lanchi sitaiongelea sana. Mkate wa yai uliolala, ndizi moja, juisi ya pakiti. Kwa 8,500.

Mzima Springs ilinishangaza kwa sababu nilidhani tumeachana na mambo ya volkano, kumbe ni yale yale. Mvua inanyesha Chyulu, lakini huko juu hakuna hata mto mmoja, kwa vile ardhi yote ni majivu na mawe ya vitundu inameza kila tone. Maji yanatembea chini kwa chini karibu kilomita 50, yanachujwa njiani, yanatokea hapo Mzima safi kama ya chupa, zaidi ya lita milioni 200 kila siku, na watu wa Mombasa wamekuwa wakinywa hayo maji kwa bomba tangu miaka ya 1950. Saa moja uko kwa mawe makavu ulimi umekwama mdomoni, saa inayofuata unaangalia viboko wanaoga kwa maji unaona hadi kucha. Kuna kachumba kamejengwa chini ya maji, unashuka ngazi unakaa kwa kioo, samaki wanakuja kukuangalia wewe. Kioo ni cha kitambo na kimechoka lakini bado kinaonyesha. Hapo pia mnatembea na askari mwenye bunduki na msimwache mbali, mamba wa hapo hawajaandikwa kwa programu.

Basi ikabaki Chaimu, na hii ndio bado inaniuma. Chaimu ni kilima cha volkano kidogo, cheusi, kama rundo la makaa yaliyozimwa na maji, na kwa hesabu ya kwenye karatasi tulikuwa tupande mpaka juu tuchungulie shimo. Tulifika saa kumi na nusu. Geti linafungwa saa kumi na mbili na bado kuna mwendo mpaka Mtito. Dere akasema pandeni dakika kumi na tano mrudi. Ile changarawe unapanda hatua mbili unarudishwa moja, inaingia kwa viatu, inaingia kwa soksi, nilifika kama nusu, nikageuka, nikaona ile nyika yote chini na vile vilima vidogo vidogo vya volkano vimejipanga kama vichuguu, jua linaanza kuinama, alafu honi ikalia. Nilishuka na moyo mzito. Juu sikufika. Yale masaa matatu ya simba yangetosha kupanda Chaimu na kushuka na kunywa chai.

Kwa hivyo nyota zangu ni hivi. Mbuga tano, afande wa Shetani ningempa sita kama zipo. Dere nne, hakuendesha vibaya na alikubali kusikia. Kampuni mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya yule mzee aliyewapigia kelele kwa simu. Wakitaka nyota zaidi waweke tua ya mawe peke yake: Shetani asubuhi jua halijakuwa kali, Chaimu kabla ya saa tano, Mzima mchana kwenye kivuli, simba wakipatikana njiani sawa. Nitalipa hata 10,000. Na mkiwa mnajipanga wenyewe na gari yenu, laleni Mtito Andei usiku wa kuamkia, muwe getini saa kumi na mbili asubuhi likifunguliwa, maji lita tatu kila mtu, suruali ndefu, na viatu vya soli ngumu.

Raba zangu nimezipeleka kwa fundi leo asubuhi. Amezigeuza, akapitisha kidole kwa zile chanjo za soli, akaniangalia, akaniuliza nani alikuwa ananikimbiza.