Kuunda sauti kwa kompyuta: kujumlisha mawimbi au FM ya Chowning?

Mhandisi Max Mathews aliandika programu yake ya kuunda sauti, MUSIC, katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1957, na mabishano kuhusu njia mbili zilizofuata, kujumlisha na FM, bado hayajaisha. Kujumlisha ni kupanga mawimbi sahili, moja juu ya jingine, hadi sauti kamili ipatikane. FM (kifupi cha frequency modulation), aliyoigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, huyumbisha masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) ya wimbi moja kwa wimbi jingine, kwa kasi inayofanya sikio lisisikie tena mtikisiko bali rangi mpya ya sauti.

Kwa gharama, FM ilishinda waziwazi: mawimbi mawili hutoa utajiri ambao kwa kujumlisha ungedai mawimbi mengi, na ndiyo iliyokiwezesha kinanda cha kielektroniki cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983. Kwa kompyuta za leo, hoja hiyo imepungua uzito.

Kwa kuiga ala halisi, naipendelea njia ya kujumlisha. Jean-Claude Risset, mtunzi na mtafiti Mfaransa, alipochambua tarumbeta, alionyesha kwamba kadiri inavyopulizwa kwa nguvu ndivyo mawimbi yake ya masafa ya juu yanavyozidi. Chowning naye aliutumia ugunduzi huo, akaongeza kiwango cha kuyumbisha kadiri sauti inavyokua, na FM ikatoa tarumbeta ya kuridhisha.

Katika marekebisho, namba za kujumlisha ni nyingi lakini zinaeleweka; za FM ni chache, ila ukigusa moja sauti nzima hubadilika. Anayetaka kengele kali jukwaani aanze na FM, na anayechunguza ala fulani kwa utulivu ajumlishe.