TAHADHARI Lubumbashi: fleshi ya “Tengeneza gemu kwa siku 30”

Ndugu wa komini za Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na mji mzima, kuna mtu anazungusha tangazo kwenye statasi za WhatsApp. Anasema atakufundisha kutengeneza gemu kwa siku 30, hata kama hujawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo. Bei ni dola 45, na unazituma kwa simu kwanza. Kesho yake unaletewa mjini fleshi (USB) yenye video za masomo. Na inaletwa kweli! Ndiyo maana walioliwa wanasita kulalamika, maana kitu wamekipata mkononi.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za watu, na fleshi hizi zimefika mezani kwangu zaidi ya mara moja. Naandika nilichokikuta ndani.

Video zote zimetolewa YouTube. Jamaa amebandika ukanda mweusi kwenye kona kuficha jina la chaneli, kisha akaweka nembo yake mwanzoni na muziki juu. Lakini katika baadhi ya video mwalimu anaitaja chaneli yake kwa mdomo wake, na jamaa hakukumbuka kukata sehemu hiyo.

Kama ingekuwa ni hilo tu, nisingejisumbua kuandika. Mega za intaneti ni ghali, na mtu akikuambia wazi kwamba amezipakua yeye na anataka pesa kidogo ya fleshi na usumbufu, mtaelewana au hamtaelewana, angalau unajua unachonunua. Huyu anauza vitu vya zamani kama vipya, na anayeanza hana namna ya kujua.

Chukua folda ya Godot, programu (injini) ya kutengenezea gemu. Video ni za Godot 3, lakini karatasi ya maelekezo inakutuma upakue toleo jipya kabisa. Godot 4 ilitoka Machi 2023 na ikabadilisha mambo mengi. Mwalimu kwenye video anachagua KinematicBody2D ili mhusika atembee. Wewe unaitafuta kwenye orodha, haipo, kwa sababu siku hizi inaitwa CharacterBody2D. Anaandika move_and_slide na kuweka velocity ndani ya mabano. Kwako mstari unakuwa mwekundu, kwa sababu sasa mabano yanaachwa matupu. Anaandika export, kwako inatakiwa @export. Mtu mwenye uzoefu anarekebisha hayo kwa dakika chache. Anayeanza anarudisha video nyuma, anaandika upya herufi kwa herufi, kosa liko palepale. Kijana mmoja wa sekondari aliniambia, “Yaya, pengine kichwa yangu haiweze mambo hii.” Kichwa chake ni kizima kabisa! Ameuziwa somo la toleo jingine.

Folda ya Unity, injini nyingine ya gemu, ni mbaya zaidi. Kuna masomo yanayotumia UnityScript, ile lugha ambayo Unity ilianza kuiondoa mwaka 2017. Kwenye Unity ya leo msimbo huo haufanyi kazi hata kidogo, leo lugha ni C#.

Na ukiangalia video kwenye YouTube yenyewe, chini yake kuna watu wameshaandika “kwenye toleo jipya badilisha hiki”. Mara nyingi unaweza pia kuwasha maandishi ya Kifaransa, na kwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa hayo ni msaada mkubwa. Kwenye fleshi havipo vyote viwili. Umebaki na Kiingereza cha haraka na kosa jekundu.

Sasa la hatari. Ndani kuna faili anayoiita “funguo ya Unity”, na maelekezo yanasema uzime antivirusi kabla ya kuifungua. Usiifungue! Unity Personal ni ya bure kwa anayejifunza, unafungua akaunti tu. Godot haina funguo wala malipo ya aina yoyote, ni programu huria. Mashine moja niliyoletewa baada ya faili hiyo ilikuwa inafungua matangazo peke yake, na mwenyewe alikuwa anaitumia kwa barua pepe ya kazi.

Ukimaliza, anarudi tena: dola 20 za cheti, halafu dola 100 ili akuwekee gemu yako Play Store “siku hiyo hiyo”. Akaunti ya Play ya msanidi (mtengenezaji wa programu) ni dola 25, unalipa mara moja tu. Na akaunti mpya za binafsi zinadai kwanza watu 12 waijaribu gemu yako kwa siku 14 mfululizo. Kwa akaunti yako mpya, siku hiyo hiyo haiwezekani. Yeye anaiweka kwenye akaunti yake, kwa hiyo gemu ikiingiza pesa, zinaingia kwake.

Mtu yeyote akikutangazia mafunzo ya namna hii, mwulize injini gani na toleo gani, na nani anaongea kwenye video. Omba somo la kwanza, lifuate mwenyewe mpaka mwisho kabla ya kutuma hata franka moja. Huyu ukimwuliza toleo anajibu “ni la kisasa” kisha anakublok.

Kwa kuanzia bila pesa: masomo ya Unity Learn ni ya bure, na GDQuest wana somo la GDScript, lugha ya Godot, linalofanyika ndani ya kivinjari. Chaneli ya Brackeys ilirudi mwaka 2024 na inafundisha Godot 4.

Wenye fleshi tayari: folda ya Unity futeni yote pamoja na hiyo funguo. Ile ya Godot msiitupe, pakueni Godot 3.6 kwenye tovuti yao rasmi, na masomo mengi yatakubali.