Meli ya Aldabra: ndege ipi ukate, chumba kipi ukikimbie

Dada mmoja wa Raskazoni, hapa Tanga, alimpeleka mama yake Shelisheli, kwenye zile meli ndogo za utalii zinazokwenda visiwa visivyo na gati. Alinitumia ujumbe wa sauti kutoka humo melini. Mwanzo haukuwa na maneno. Ulikuwa mlio wa chuma kikikwaruza chuma, mfululizo, na kwa mbali glasi ikigongagonga kwenye rafu ya bafuni. Kisha ikasikika sauti ya mama: "Mwanangu, hii meli inavunjika?" Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Meli ilikuwa salama kabisa, inatia nanga tu, na chumba walichouziwa kilikuwa huko mbele omo, jirani ya mnyororo. Wakala aliyewauzia aliwaambia vyumba vyote ni sawa.

Vyumba vyote si sawa. Na kwa kuwa wanaoniuliza habari za safari hizi wamekuwa wengi, nimeona niyaweke hapa yale ambayo mawakala hawayasemi. Chakula, bwawa, ukubwa wa kitanda na rangi ya mapazia sitavigusa, maana kila tangazo limejaa hayo.

Kwanza, kwa nini Aldabra, vile visiwa vya matumbawe vya mbali vya Shelisheli, na kwa nini sisi wa Tanga? Kwa sababu ipo upande wetu wa bahari, na kwa sababu Shelisheli haimdai mtu viza, awe wa nchi gani. Unaomba tu ruhusa ya kusafiri mtandaoni kabla hujaondoka na kuilipia. Aldabra yenyewe haina hoteli wala kiwanja cha ndege. Kuna kituo cha watafiti kisiwani Picard, basi. Inasimamiwa na Seychelles Islands Foundation, ipo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1982, na kobe wake wakubwa wanakadiriwa kufika laki moja. Yupo pia ndege asiyeweza kuruka, wa mwisho wa aina hiyo aliyebaki katika visiwa vya upande huu wa Bahari ya Hindi. Sisi wa Tanga, ambao tangu 2009 tuna hifadhi ya bahari iliyotengwa kwa ajili ya silikanti, samaki adimu wa kale, tunajua maana ya kiumbe kubaki mahali pachache duniani. Kufika huko ni kwa chombo cha baharini tu, ndiyo maana chumba cha meli ni nyumba yako kwa siku zote hizo.

Majira mtu wa pwani hahitaji kufundishwa. Kusi likivuma, Mei hadi Septemba, bahari ile ni mbaya. Nenda wakati wa tangambili, Aprili au Oktoba na Novemba, pepo zinapobadilishana.

Sasa ndege. Kanuni yangu haina mjadala: ulale Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, usiku mmoja kabla ya meli kuondoka, na ukiweza lala siku mbili. Aldabra ipo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé. Begi lako likibaki Nairobi, hakuna ndege ya kulileta, na meli haiwezi kurudi kulichukua. Utamaliza safari nzima na nguo ulizovaa, na dawa zako za presha zikiwa kwenye stoo ya uwanja wa ndege. Dawa, miwani na viatu vya kukanyagia matumbawe viwe kwenye mkoba wa mkononi, usikubali vinginevyo.

Njia ninayoiweka ya kwanza itawashangaza wengi: Mombasa. Watu wa Tanga tumezoea kwamba safari ya ndege lazima ianzie Dar, kilomita kama 350 za basi kupitia Segera na Chalinze, foleni ya kuingia mjini ikiwa haijahesabiwa. Mombasa ni chini ya kilomita 200. Unavuka mpaka Horohoro na kuingia Lungalunga, na tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe huna haja ya kusubiri kivuko cha Likoni ili ufike uwanjani. Kata tiketi moja ya Mombasa, Nairobi hadi Mahé. Nasisitiza moja. Ikiwa tiketi ni moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika lina wajibu wa kukutafutia nyingine. Ukiwa na tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali, kila shirika litakuambia kamuulize mwenzake. Unapokabidhi begi, soma lebo kabla halijaondoka kwenye mkanda: lazima iandikwe SEZ, ambayo ndiyo Mahé. Ikiandikwa NBO, begi linaishia Nairobi, mrudishie mhudumu hapo hapo.

Ya pili ni Dar kupitia Nairobi, ambayo ni nzuri tu, na kwa anayetoka Korogwe au Handeni huenda ikawa rahisi zaidi. Ya tatu ni Dar kupitia Addis Ababa na Ethiopian, kwa siku ambazo Nairobi ratiba haikubali, maana ndege za kwenda Mahé huwa hazina siku zote za wiki. Anza na tarehe ya meli, kisha rudi nyuma utafute ndege. Wengi wanafanya kinyume na wanaishia kushuka Mahé asubuhi ile ile meli inayong'oa nanga.

Njia ya Dubai au Doha mawakala wanaipenda sana. Unapaa kwa muda wa saa tano kwenda kaskazini, kisha unarudishwa kusini kwenye bahari ile ile uliyoiacha. Sioni sababu ya mtu wa Tanga kuipita Mahé ili aende kuisubiri Uarabuni.

Cheti cha homa ya manjano usikisahau, hasa ukipitia Kenya. Chanjo inahesabiwa kuanza kazi siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 cheti ni cha maisha, kwa hiyo kile cha zamani bado kinafaa kama hakijachanika. Na kama meli yako inaanzia Mahé na kuishia Unguja, kama baadhi ya safari zilivyo, chapisha barua ya meli uende nayo. Mhudumu wa uwanjani atataka kuona tiketi ya kutoka Shelisheli, na kwako wewe tiketi hiyo ni meli.

Tuje kwenye chumba, ambako hasa ndiko pesa zinakopotelea.

Watu huuliza chumba kiwe juu au chini. Swali la kwanza liwe mbele au nyuma. Meli ya kawaida ya starehe inafunga gatini na kulala hapo. Hizi zetu hazina gati. Kila kisiwa, kila asubuhi, zinasimama nje ya mwamba, na abiria wanashushwa kwa boti za mpira. Maana yake kila alfajiri, kabla jua halijachomoza, kuna kazi ya kusimamisha meli, na kazi hiyo inafanyika omo. Nanga ya meli kubwa kiasi hicho ni tani kadhaa. Mnyororo wake hupimwa kwa vipande vya mita 27.5, na vipande kadhaa vinashuka kwa mpigo mmoja kupitia bomba la chuma lililotoboa ubavu wa meli. Jioni vinarudi hivyo hivyo, kwa mashine. Mwenye chumba karibu na bomba hilo hahitaji saa ya kumwamsha.

Nanga si peke yake. Chini ya omo kuna propela za pembeni, zilizowekwa ndani ya handaki linalokatiza meli kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, za kuigeuza meli bila kwenda mbele. Zikiwashwa, sakafu ya vyumba vya mbele inanguruma na maji ya kwenye glasi yanacheza. Hili haliandikwi kwenye tangazo lolote. Picha ya chumba cha mbele na ya chumba cha katikati ni moja, kwa sababu chumba chenyewe kimejengwa kwa ramani moja. Sauti haipigwi picha.

Kisha kuna mawimbi. Meli inapopanda na kushuka, katikati yake hutulia na ncha zake mbili ndizo zinazoruka. Aliyewahi kuvuka kwenda Pemba kwa jahazi anajua ni wapi nahodha humkalisha mgonjwa.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Cha kwanza ni chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini kati ya zile zenye vyumba vya abiria. Kinatulia, na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko vya juu, jambo linalonifurahisha kila ninapoliona. Cha pili ni cha katikati tena, sitaha moja juu, kwa anayetaka mwanga zaidi. Hapo angalia kilicho juu ya dari yako: ikiwa ni ukumbi wa mihadhara au mgahawa, utasikia viti vikiburutwa kila jioni. Cha tatu ni cha nyuma, tezi. Kina mtikisiko wa propela kubwa, na kwenye meli nyingi boti za mpira hushushwa upande huo, kwa hiyo alfajiri kuna winchi na kelele za mabaharia. Lakini mtikisiko wa tezi ni wa sauti moja, na mwili huuzoea. Cha omo sikipi nafasi. Hata kwa punguzo, hata kikiitwa jina la kifahari, mwache mwingine akichukue.

Kampuni ninayoipenda naitaja bila kuficha: Ponant ya Ufaransa, kwa zile meli zake sita zilizoanza kazi kati ya 2018 na 2020, Le Lapérouse, Le Champlain, Le Bougainville, Le Dumont-d'Urville, Le Bellot na Le Jacques Cartier. Kila moja ina vyumba 92 tu, na vyote vina baraza yake. Zina pia ukumbi chini ya usawa wa maji wenye madirisha makubwa ya kutazama bahari kwa ndani. Lakini sababu yangu ni nyingine. Zina mfumo wa kompyuta unaoishikilia meli pale pale kwa propela, bila kutia nanga, ili matumbawe yasisagwe. Mnyororo mkubwa unavunja kwa asubuhi moja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi, na sisi ambao tumeona baruti ya wavuvi ilivyofanya miamba yetu hatuwezi kulipia uharibifu wa namna hiyo kwingine. Hata hivyo mfumo huo hauondoi ngurumo za propela za mbele, kwa hiyo ndani ya Ponant pia shikilia katikati. Bei zake ni kubwa. Nazitetea.

Wenye mfuko mdogo: Variety Cruises wana chombo kidogo kiitwacho Pegasos kinachozunguka visiwa vya karibu, Praslin, La Digue na jirani zao. Hakifiki Aldabra. Au panda boti ya Cat Cocos kutoka Mahé hadi Praslin, ukaone msitu wa Vallée de Mai na minazi yake yenye mbegu kubwa kuliko zote duniani, urudi. Ni matembezi mazuri ila ni safari nyingine.

Na sasa wauzaji, maana wamenichosha.

Neno "kuanzia" kwenye bei linapaswa kupigwa marufuku. Bei ya kuanzia ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Mjane wa Chumbageni anayetaka kwenda peke yake anaambiwa siku ya kulipa kwamba kuna nyongeza ya mtu mmoja, ambayo inaweza kukaribia bei nzima ya pili. Wangemwambia siku ya kwanza angetafuta mwenzake. Muulize wakala kama kampuni ina tarehe zisizo na nyongeza hiyo. Zipo, ila asiyeuliza hapewi.

La pili ni chumba cha "utapangiwa". Unalipa kidogo pungufu na meli inakuchagulia. Inakuchagulia nini? Kilichobaki, na kinachobaki ni kile ambacho wajuao wamekikataa. Ndivyo yule dada wa Raskazoni alivyofika omo, na kwenye risiti yake hakukuwa hata na namba ya chumba. Wakala alijua anauza nini. Kabla hujatuma hata shilingi, mwandikie hivi, kwa maandishi, si kwa kumpigia: "Naomba ramani ya sitaha, namba ya chumba changu, na unionyeshe nanga, propela za mbele na winchi za boti ziko wapi." Anayejua kazi yake atakutumia siku hiyo hiyo. Anayekujibu "usijali mama, vyote vina mandhari ya bahari" hajaifungua hiyo ramani, na huyo muage.

La tatu ni dola. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za bidhaa na huduma nchini kutangazwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni, lakini bado naletewa makaratasi ya mawakala wa hapa hapa, ofisi mtaani, ada yao ya huduma imeandikwa kwa dola na kugeuzwa shilingi kwa kiwango wanachokijua wenyewe. Kampuni ya meli ipo ng'ambo, inadai kwa fedha yake, hilo naelewa. Ada ya mtu aliyekaa Barabara ya Kumi na Mbili akinywa chai ya maziwa haina sababu ya kuwa dola. Mwambie atenganishe: nauli ya meli mstari wake, tiketi ya ndege mstari wake, ada yake mstari wake kwa shilingi, na kiwango alichotumia pamoja na tarehe yake kiandikwe chini. Akikataa kutenganisha, nenda kwenye tovuti ya kampuni ya meli ukalinganishe bei mwenyewe, chumba kwa chumba, kabla hujamlipa amana.