Mgao wa Chakula Langoni: Kapu ni Zuri, Mlango ni Mgumu

Huduma ninayoitathmini hapa ni mgao wa chakula unaotolewa kila mwezi na kikundi cha watu wanaojitolea katika mtaa wa Langoni, mjini Lamu, kwa familia zisizojiweza, na hasa kwa watu wenye ulemavu. Jina la kikundi sitalitaja, kwa sababu waendeshaji wake ni majirani wanaotoa muda wao bila malipo, na kwa sababu kasoro nitakazozieleza zinaonekana katika migao mingi ya pwani. Mimi hufika pale nikimsindikiza shangazi yangu, ambaye haoni, na mara nyingine nikimsukuma jirani yetu anayetumia kiti cha magurudumu. Kama ningeambiwa nitoe nyota kati ya tano, ningetoa nne kwa chakula chenyewe na mbili kwa namna ya kukifikia, wala nisingekubali kuzitafutia wastani zikawa tatu, kwa kuwa chakula kizuri kisichofikika hakimsaidii mwenye njaa.

Nianze na kapu, kwa sababu limefikiriwa vizuri kuliko yote niliyopata kuyaona. Ndani yake mna unga wa mahindi, mchele, pojo, mafuta ya kupikia, chumvi, majani ya chai na sabuni. Pojo zilichukua nafasi ya maharagwe baada ya wapokeaji kueleza kwamba maharagwe yanakula makaa mengi, na mtu asiyeweza kwenda kuokota kuni hulazimika kununua kila kipande cha makaa anachokitia jikoni. Mafuta hayatolewi tena katika dumu la lita tano ambalo mtu mwenye mkono mmoja hawezi kulifungua wala kulimimina, bali katika chupa ndogo zenye kifuniko cha kuzungusha. Mchele hupimwa kilo moja moja katika mifuko yenye fundo, na unga hubaki katika pakiti zake, hivi kwamba shangazi huzitofautisha kwa kuzipapasa bila kumwuliza mtu. Wenye kisukari, ambao baadhi yao wamekatwa mguu kwa sababu ya maradhi hayohayo, wanaweza kuomba unga wa mtama badala ya sehemu ya mchele. Upungufu ninaouona katika kapu ni mmoja tu, nao ni mkubwa: hakuna chochote kwa watoto wenye mtindio wa ubongo wanaoshindwa kutafuna au kumeza vizuri. Mama zao hupokea chakula kilekile cha watu wazima, kisha hutafuta wenyewe fedha za kusaga unga laini wa uji. Pakiti moja ya unga wa uji kwa kila mtoto wa aina hiyo isingevunja bajeti ya mgao.

Shida inaanza mlangoni. Mgao hufanyika katika nyumba kongwe ya mawe iliyotolewa bure na mwenyewe, na ukarimu huo unastahili shukrani, lakini nyumba za Lamu zilijengwa ziinuke juu ya njia. Ili kuingia unapanda vidato viwili kufika kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, kisha unavuka kizingiti cha mbao, jumla ya kimo cha takriban sentimita 45. Mlango ni wa mbawa mbili, na pasipo mtu kuomba, ubawa mmoja tu ndio unaofunguliwa, hivyo nafasi inayobaki haikitoshi kiti cha magurudumu cha kawaida. Matokeo yake ni kwamba vijana wanne hulazimika kukiinua kiti pamoja na aliyekikalia. Vijana wale wana adabu na hufanya kazi hiyo kwa moyo, lakini jirani yetu ni mtu mzima mwenye wajukuu, na haipendezi abebwe kama gunia mbele ya mtaa mzima kila mwezi ili apate unga.

Wengi wakiliona jambo hili husema kwamba dawa yake ni kujenga mteremko. Nimelipima wazo hilo na naona halifai kwa nyumba ile. Kipimo kinachokubalika duniani kwa mteremko ambao mtu anaweza kuupanda mwenyewe kwa kiti chake ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Kimo cha sentimita 45 kinahitaji mteremko wa zaidi ya mita tano, na njia iliyo mbele ya mlango haifiki mita mbili. Mteremko mfupi ungekuwa mkali hata mtu angerudi kinyumenyume, na mrefu ungeiziba njia wanayopita punda waliobeba mchanga na mawe ya kujengea, ambao hata sasa wakipita huna budi kujibanza ukutani. Isitoshe, Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na kuubadilisha uso wa nyumba kongwe si jambo la kuamuliwa na kikundi cha mtaani. Kwa hiyo kitu cha kubadilisha ni mahali. Ukanda wa mbele wa mji, kando ya bahari, ni tambarare, na uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome una nafasi ya kugeuza kiti bila kumgusa mtu. Meza chache, turubai la kivuli na viti vya kukalia vinaweza kuwekwa pale kwa asubuhi moja. Kama kikundi kinahofia kwamba wapokeaji wataonekana na kila mpita njia, hofu ambayo ni ya haki, basi kitafutwe chumba cha chini chenye mlango mpana katika ukanda huohuo.

Ndani, mpangilio ni wa watu wanaoweza kusimama, kusikia na kusoma. Foleni ni ya kusimama, na viti vilivyopo hukaliwa na waandishi wa majina. Majina huitwa kwa sauti kutoka chumba cha ndani, kwa hiyo kiziwi hana njia ya kujua kwamba zamu yake imefika isipokuwa jirani yake amguse bega. Nimemwona mwanamke kiziwi akibaki hadi mwisho, baada ya walioandikishwa nyuma yake kuondoka na makapu yao, na mwandishi akaeleza kwamba aliitwa mara kadhaa akanyamaza. Tangazo la siku ya mgao nalo hutolewa kwa kipaza sauti cha msikitini na kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na njia zote mbili zinamfaa shangazi yangu lakini hazimfai mwanamke yule. Ujumbe mfupi wa maandishi ungemfikia yeye bila kumwondolea shangazi sauti. Kadi kubwa zenye nambari, zinazoinuliwa huku nambari ikitamkwa, zingemaliza tatizo la foleni kwa gharama ya katoni moja na kalamu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na waendeshaji, na nimewaeleza hivyo ana kwa ana. Jibu lao kwa kila lalamiko ni kumpelekea mtu kapu nyumbani. Kwa mgonjwa wa kitandani, au kwa anayelea mtoto asiyeweza kuachwa peke yake, huduma hiyo ni ya lazima, na wanaifanya vizuri: kijana hubisha hodi, hungoja, huuliza kapu liwekwe wapi. Lakini imegeuzwa kuwa badala ya mlango unaofikika. Aliyeweka jina lake katika orodha ya kupelekewa hapati nafasi ya kubadilisha mchele kwa mtama, hasikii habari za kliniki wala za fomu zinazozungumzwa pale, wala hahudhurii kikao kifupi kinachoamua kapu la mwezi unaofuata. Shangazi alipoambiwa asijisumbue kuja, alijibu kwa upole, “Mwanangu, mimi nakuja kuchagua, na nakuja kuamkiana na watu.” Kupelekewa nyumbani kunafaa kuwa hiari ya mpokeaji, na hiari hiyo haipo mpaka njia ya pili iwe wazi kweli.

Wala hili si la watu wa kando. Nchini Uingereza, ambako shirika la Trussell lilifungua benki yake ya kwanza ya chakula, yaani kituo cha kugawa chakula kwa wasiojiweza, mjini Salisbury mwaka 2000, sehemu kubwa ya wanaofika katika benki hizo hutoka katika nyumba zenye mtu mwenye ulemavu. Sababu zake zinaeleweka hata huku kwetu. Mtu mwenye ulemavu hunyimwa kazi kwa urahisi zaidi, na maisha yake yana gharama ambazo wengine hawazijui: nauli ya boti ya watu wawili badala ya mmoja, nepi za mtu mzima, matairi ya kiti yanayoliwa na mawe ya vichochoro. Malipo ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza kwa fedha, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na yanapochelewa, deni la dukani halingoji. Mgao wowote wa chakula unaopangwa kana kwamba mtu mwenye ulemavu ni mgeni wa nadra umekosea kumtambua mpokeaji wake mkuu.

Kuhusu heshima, nina mambo mawili. La kwanza ni picha. Wafadhili hutaka ushahidi, na kila inapofika saa ya picha, mwenye kiti cha magurudumu huvutwa mbele. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, na kifungu cha 43 kinamhesabia kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Hakuna panaposema kwamba haki ya pili inalipiwa kwa kuiacha ya kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inahesabu habari za afya ya mtu kuwa za siri nyeti. Na kwa mji kama wetu, ambao watoto wake hukua madrasani, mafundisho ya Sura ya Baqara kwamba kauli njema ni bora kuliko sadaka inayofuatiwa na udhia yanatosha hata pasipo sheria hizo. Picha ya makapu yaliyopangwa, pamoja na hesabu ya yaliyotolewa, ingewaridhisha wafadhili waaminifu.

La pili ni kadi. Kikundi hudai kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu kabla ya kumwandikisha mtu, na kadi hiyo haipatikani bila kupimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Mtu wa vijiji vya Kipungani au Matondoni asiye na nauli hukosa kipimo, akikosa kipimo hukosa kadi, na akikosa kadi hukosa chakula. Barua ya mzee wa mtaa ingetosha kwa muda, huku kikundi kikimsaidia kuifuata kadi yenyewe.

Kwa wanaovuka maji kutoka bara, Mokowe na kwingineko, saa ya mgao pia ingetazamwa upya. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hukupwa asubuhi, wakati uleule mgao unapoanza, na ngazi za chini za gati hubaki wazi na utelezi wake. Nahodha yeyote wa mtaani anaweza kuwapangia siku ambazo maji yamejaa saa hizo. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, hata hilo halitoshi, na afadhali makapu yao yavushwe kuliko wao.

Anayepanga kumsindikiza mtu mwezi ujao, kabla ya mambo haya kurekebishwa, afike saa mbili asubuhi, wakati vichochoro havijajaa punda. Aombe ubawa wa pili wa mlango ufunguliwe; komeo lake liko juu, na hakuna aliyekataa kulifungua nilipoomba. Aandikishe nambari ya simu ya mhusika mwenyewe, si ya msindikizaji, na aeleze mapema kama ujumbe uwe wa maandishi au wa sauti. Fomu ya kupokea kapu ina mstari wa ridhaa ya kupigwa picha chini kabisa, kwa maandishi madogo: asiyeona asomewe mstari huo kabla ya kutia dole gumba, na akitaka ukatwe, ukatwe. Mwezi uliopita shangazi aliukata wake, na kapu lake alilipokea kamili.