Nyota nne kwa mtandao wa ECHA, tulivyoutumia tukiwa Shimanzi

Nawapa nyota nne kati ya tano, na naanza na hilo manake najua hapa Mombasa kuna watu wengi wanauza Ulaya mafuta ya nazi, mchaichai, karafuu na kadhalika na hawajui kama huu mtandao upo na ni bure, wanaishia kulipa maajenti pesa za kuumiza kwa jambo ambalo mtu unaliangalia kwa simu ukiwa umekaa barazani kwako.

Kwa asiyewajua, ECHA ni shirika la Umoja wa Ulaya la mambo ya kemikali, ofisi yao iko Helsinki kule Finland. Wao ndio wanasimamia ile sheria ya REACH ilioanza kazi Juni 2007. Sheria yenyewe inasema kemikali ikitengenezwa au ikiingizwa Ulaya kuanzia tani 1 kwa mwaka kwa kampuni moja, lazima isajiliwe na data zake ziwekwe, la sivyo haiuzwi. Na usidhani kemikali ni asidi na rangi za viwandani tu, mafuta ya mchaichai yaliokamuliwa kwa mvuke shambani kwao pia ni kemikali.

Sisi tulianza kuutumia baada ya mteja wetu wa Ujerumani kutuandikia anataka kujua msimamo wetu wa REACH. Tukauliza uliza mjini, kampuni moja ikatwambia, "Dada, bila cheti cha REACH mzigo wenu utakwama bandarini kule, sisi tunawatolea ndani ya wiki mbili." Wakatuonyesha sampuli, karatasi nzito, muhuri, bendera ya Ulaya, na namba ya usajili inayoanza na 05. Bei waliotaja ingemaliza faida ya kontena zima.

Jamani, hakuna cheti cha REACH. ECHA hawatoi cheti cha kusema kampuni fulani imetimiza sheria, na wameliweka wazi wenyewe. Kinachotoka kwao ni namba ya usajili, na ya kweli inaanza na 01. Zile za 05 zilikuwa za kujiandikisha awali, kabla ya mwisho wa usajili wa kemikali zilizokuwa sokoni tangu zamani, tarehe 31 Mei 2018, na kuanzia 2020 hazina nguvu tena. Kwa hio yule ndugu alikuwa anauza karatasi iliokufa zamani. Hili linaniuma kwa kweli, manake wanaonunua ni vikundi vya kina mama vinavyokamua mafuta Kilifi na Kwale, si matajiri.

Alafu jengine, kampuni ya Mombasa hata ikitaka haiwezi kusajili yenyewe. Anayebeba mzigo huo ni yule anayeingiza bidhaa Ulaya, yaani mteja wako, au mwakilishi pekee ambaye mtengenezaji wa nje amemteua na lazima awe yuko kule kule.

Turudi kwenye mtandao. Sehemu tulioipenda zaidi ni ECHA CHEM, waliifungua mwaka 2024, ni hazina ya data zote zilizosajiliwa na huhitaji akaunti ili kutafuta. Unaandika jina au namba ya CAS, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha kila kemikali. Mafuta ya nazi ni 8001-31-8, unaipiga hivo inakuletea. Alafu ukisoma orodha ya vitu vilivyosamehewa kusajiliwa, Kiambatisho cha V cha sheria, unakuta mafuta ya mimea ambayo hayajabadilishwa kikemikali yamo, glisarini imo, hata chumvi za asidi za mafuta ambazo ndio sabuni zimo, ili mradi zimetoka kwenye asili na haziko kwenye zile za hatari. Mafuta yetu ya nazi tukajua jibu siku hio hio, hakuna cha usajili. (Sabuni ya kuogea ukiiuza kama kipodozi kuna sheria nyengine kabisa, inataka mtu wa kuwajibika aliye ndani ya Ulaya, usichanganye.)

Mchaichai ndio ilitutoa jasho. Nayo ni ya asili lakini ina sitrali nyingi ambayo inaweza kuleta mzio wa ngozi, na kitu cha asili kikishaitwa hatari ule msamaha unaondoka. Sasa angalia hesabu yake. Tuna wateja wawili, mmoja Ujerumani mmoja Ufaransa, kila mmoja anachukua kilo 600 kwa mwaka. Tani inahesabiwa kwa kila anayeingiza, kwa hio kama hawanunui kwengine hakuna hata mmoja aliefika na hakuna wa kusajili. Lakini tungemteua mwakilishi pekee kama tulivyoshawishiwa na ajenti, yeye anajumlisha kilo zote za kwetu, zinakuwa 1,200, tumeingia kwenye usajili sisi wenyewe kwa miguu yetu na kulazimika kununua haki ya kutumia data za waliosajili mbele yetu, na hio ndio gharama kubwa, sio ada ya ECHA. Ajenti hakutwambia hilo.

Kinachobaki hata chini ya tani ni SDS, yaani karatasi ya maelezo ya usalama wa bidhaa, yenye vipengele 16 kwa lugha ya nchi inapouzwa, lebo yenye alama za hatari, na mteja kuiarifu ECHA ndani ya mwezi mmoja tangu aiweke sokoni, hio haina kiwango cha chini. Mteja wa Ujerumani alipoona tumemuandalia maelezo haya na data za mafuta yetu alitulia kabisa, biashara inaendelea.

Nyota moja nimeikata kwa sababu mbili. Kwanza lugha, mtandao umetafsiriwa kwa lugha zao za Ulaya lakini kurasa za ndani zenye maana ni Kiingereza cha wanasheria, mtu wa Mtwapa mwenye mtambo wa kukamua atasoma aya mbili afunge simu. Pili ile orodha ya alama za hatari wanayoiweka mtandaoni kutokana na hizo arifa, mafuta yale yale kampuni hii imeandika hivi na ile imeandika vile, manake kila mtu anajaza yake na ECHA hawahakiki kila arifa. Usinakili tu ya mtu wa kwanza unaemuona, pima mafuta yako maabara.

Wanaouza Uingereza huku hamtapata jibu lenu, tangu 2021 wana REACH yao mbali chini ya HSE, shirika lao la afya na usalama kazini, na tani za kule zinahesabiwa peke yake.