Kubaindi ensaiklopidia ya zamani Dodoma: gundi safi, jina la kubahatisha

Steshenari hii ya katikati ya mji inaishi kwa tasnifu za wanachuo: kava gumu jeusi, herufi za dhahabu, kesho njoo uchukue. Kwa kazi hiyo haina mpinzani. Seti ya Encyclopædia Britannica, toleo la 11 la mwaka 1910–1911, juzuu 29, ni mtihani wa namna nyingine, na imefaulu nusu.

Tuanze na nusu nzuri. Seti yenyewe ni ile ya karatasi nyembamba, ambayo gundi ikizidi hupenya na kugandisha kurasa. Fundi alipaka tabaka mbili nyepesi, ya kwanza ikauke ndipo ya pili, kisha akaziweka juzuu chini ya uzito. Kwa ukavu wa Dodoma wakati wa kiangazi hilo ni muhimu: gundi nzito hukauka juu, ndani ingali mbichi, na mgongo hupasuka siku kitabu kinapofunguliwa. Nyuzi za zamani zilizokuwa nzima hazikuguswa. Safi kabisa.

Tatizo ni maandishi ya mgongoni. Juzuu kadhaa zimetoka BRITTANICA, nyingine ENCYCLOPEDIA. Fundi alinakili migongo iliyochakaa, na palipofutika akajaza kwa sikio. Jina la kitabu halichukuliwi mgongoni wala kwenye kava. Linachukuliwa kwenye ule ukurasa wa ndani wenye jina kamili, mchapishaji na mwaka. Hapo imeandikwa The Encyclopædia Britannica, kwa Æ iliyounganishwa. Britannica ina T moja na N mbili, basi. Kosa huzidi pale mgongo mwembamba unapolazimisha kukata neno: BRITAN juu, NICA chini, na N moja humezwa kwenye mkato.

Wapo wanaosema E peke yake ndiyo tahajia ya kisasa. Kwa neno la kawaida, sawa. Hili ni jina. Encyclopedia Americana inajiandika kwa E. Britannica haki zake zilinunuliwa na Wamarekani mwaka 1901 na Æ ikabaki palepale. Vivyo hivyo kwa Kiswahili: tunasema ensaiklopidia tunapotaja aina ya kitabu, lakini mgongoni jina halitafsiriwi.

Sanduku la herufi la fundi halina Æ, na hilo si la kumlaumu. Aweke A na E zikikaribiana. Kinachokataliwa ni kuacha mojawapo.

Mwenye maktaba naye ana kazi yake. Kwenye Koha, programu ya katalogi ya maktaba, uga wa 245, ule wa jina la kitabu, uandikwe jina kama lilivyo, na kiashiria cha pili kiwe 4 ili mashine iruke “The ” na kupanga kitabu kwenye E. Kisha uga wa 246, ule wa tahajia nyingine za jina, urudiwe mara mbili: Encyclopaedia Britannica, na Encyclopedia Britannica. Mwanafunzi hatahangaika kutafuta Æ kwenye kibodi. (Anayeingiza data kwenye Windows abonyeze Alt na 0198 kwa herufi kubwa, Alt na 0230 kwa ndogo, kwa namba za upande wa kulia.)

Dhahabu ikishapigwa kwa moto haifutiki. Marekebisho yamefanywa kwa kubandika lebo juu ya kosa, na ukingo wake unaonekana. Kwa hiyo fundi apewe karatasi yenye herufi kubwa, mstari kwa mstari kama zitakavyokaa, pamoja na picha ya ukurasa wa jina. Apige juzuu moja kwanza, ikaguliwe, ndipo 28 zilizobaki. Na asisahau herufi za mwanzo na mwisho wa kila juzuu: ya 11 ni FRA hadi GIB. Bila hizo, anayetafuta nchi yetu ilivyoelezwa wakati huo, chini ya jina German East Africa, atafungua rafu nzima.